Majani ya Isale kwa Madereva wa Krismasi

Jumatatu, 15 Desemba 1997
Namshukuru Mungu kwa uzee wenye kazi. Paroko amenikabidhi kampeni ya kuzuia ulevi barabarani msimu huu, Wachagga wote wanapopanda nyumbani na magari yao. Alitaka mtu mvumilivu, anayejua kueleza. Nani mwingine kama si mwalimu mstaafu? Nina sababu yangu pia. Mkwe wangu Ronald anakuja na pikapu mpya, na jioni ya Krismasi atateremka kwao Sanya Juu na Gladys wangu na wajukuu wawili. Ronald hajawahi kukataa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Pasaka alilaza gari kwenye migomba yangu. Migomba ilisamehe. Korongo la pale chini halitasamehe.

Jumatano, 17 Desemba
Bango tayari! Rajendra wa duka la vitambaa mjini ametoa kitambaa bure. Mungu ambariki. Nimeandika kwa ufupi: pombe inavyotoka tumboni, inavyoingia kwenye damu, inavyopanda kwenye ubongo, mguu unavyochelewa kufika kwenye breki. Mistari kumi na saba. Nimelitundika penye kona, mbele ya kilabu cha Kornel. Mke wangu Dominika aliuliza kwa nini nisiandike tu "Ukinywa, usiendeshe." Nikamweleza kwamba mtu akijua sababu hutii mwenyewe. Alinisikiliza hadi ndizi zikaungua. Mke mwema sana.

Jumamosi, 20 Desemba
Bango linasomwa! Magari yanasimama. Ila mistari kumi na saba juani inaleta kiu. Wanasoma nusu, wanaingia kwa Kornel, wanatoka kumalizia. Kornel ameniletea mkungu wa ndizi. Eti tangu azaliwe hajapata tangazo kama hili, na je, mwalimu hana lingine? Fedheha! Mkungu lakini ni mzuri. Nashukuru.
Nikiwa nakata majani ya ng'ombe, wazo likanijia: isale! Mmea huu uko kwenye uzio wa kila kihamba, shamba letu la nyumbani. Mchagga akiletewa jani la isale, hata na adui, hawezi kukataa ombi. Nitampa kila dereva jani, nimwombe asinywe. Atakataaje?

Jumanne, 23 Desemba
Nimegawa majani. Jambo moja lilinipita: isale huletwa na mkosaji. Yoramu wa lori aliuliza nimemkosea nini. Nikasema sijamkosea. Basi ni kosa kubwa, akasema, kama hata kulitaja naogopa! Akanisamehe palepale. Na msamaha wa kwetu haukauki: mwenye mbege huonja, mkosaji hunywa. Mzee Ebenezeri alikuwa na kesi tayari, mbuzi wangu aliyekula maharage yake mwaka 1974. Alilia. Nikanywa. Madereva wote wamenisamehe. Sijawahi kuwa na amani na watu wengi hivi! Nashukuru, ingawa nilirudishwa nyumbani kwa toroli.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Ronald akaingia, shikamoo baba, nami nikamtia isale mkononi. Akaagiza chai. Chai! Mimi sikuwa na bahati hiyo. Walionisamehe walikuja na vibuyu kukamilisha msamaha, na kukataa ni kuufuta.
Jioni Ronald akawasha gari. Nikachukua funguo za Land Rover yangu nimsindikize hadi barabara kubwa, kwa usalama. Tundu la funguo lilikuwa linahamahama. Ronald akateremka, akachuma isale uzioni, akanipa kwa mikono miwili mbele ya wageni wote: nimsamehe yeye, nimpe funguo zangu. Mchagga ningefanyaje? Nikatoa. Wakaondoka, wajukuu wakiimba mpaka kona.

Ijumaa, 26 Desemba
Gladys amepiga simu kwa paroko. Walifika salama! Nilitoa machozi ya shukrani. Kampeni imefaulu. Dominika anadai ni yeye aliyemwambia Ronald mapema kwamba akionja hata kata moja, Gladys na watoto wanalala hapa, yeye aende kwa mama yake peke yake. Nimemweleza kwa upole kwamba, kitaalamu, ni bango. Kichwa kinauma, lakini nimeshaanza la Pasaka: mistari arobaini. Kornel amejitolea kuweka mabenchi na kivuli kwa wasomaji. Watu wema namna hii nitawalipa nini?