Pale Walalapo Mbuzi

Jumatatu, 12 Agosti
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa jina la mama yako: lifunge. Kama huwezi, basi usimnong'oneze mtu hata neno moja. Hasa mkaguzi.

Mimi ni Zisimos, karani wa vibali vya ujenzi kisiwani. Nimekwisha! Mkaguzi anakuja Alhamisi kutazama nyumba ya Bi Evanthia. Ramani niliyoigonga muhuri inaiweka kileleni. Evanthia, anayechora na kujenga kwa mikono yake, ameichimbia ubavuni mwa kilima, hatua arobaini chini ya alama. Niliandika "nimefika, nimeona". Sikufika. Kulikuwa na upepo. Ikijulikana, kazi sina.

Jumanne
Nimemwomba Evanthia aseme ni kilima kilichosogea. Kacheka mpaka kaangusha mwiko. Kasema, we mwanangu, Agosti nzima ya mwaka jana nilikaa nikiwatazama mbuzi. Upepo wa kaskazini ukivuma wanalala pale pale, basi nikajenga pale pale. Akauliza mimi niliyesoma ningelala wapi. Swali la mtego hilo.

Jumatano
Mpango! Mbao nne, turubai, chokaa. Nimesimamisha nyumba kileleni, penye alama, nikaichorea mlango wa buluu. Mkaguzi ataiona kutoka bandarini, ataridhika, ataondoka na feri ya saa nane. Fundi ni mimi!

Jioni. Nyumba imeruka. Kasisi Sarandos kaja kuuliza, kwa upole mno, ni nani mwenye mlango ulioangukia mizinga yake ya nyuki. Nikasema simjui. Akasema basi nioshe chokaa masikioni.

Alhamisi
Mkaguzi anapenda kutembea. Balaa! Tumepanda. Kileleni hakuna kitu, ila upepo wa kung'oa masharubu. Tukashuka hatua arobaini, upepo ukakata. Mkaguzi akasema hapa pana raha, tukae kidogo. Tukakaa. Juu ya paa la Evanthia! Udongo, vichaka vya zaatari, mawe yaleyale ya kilimani. Hakutambua chochote.

Lakini karibu na goti lake moshi ukaanza kuchomoza. Evanthia anachemsha dengu! Nikalikalia bomba la moshi. Mkaguzi akauliza mbona nalia. Nikasema ni uzuri wa kisiwa chetu. Akasema ananusa dengu. Nikasema zaatari ya huku hunukia hivyo. Chini mtu akakohoa na kuwatukana mababu zangu wote. Nikasema ni mbuzi.

Akaandika: kibali hakikutumika, nyumba haipo. Nimeokoka! Suruali haikuokoka.

Kisha akasema mahali hapa pamemkaa moyoni. Atajenga nyumba yake hapa hapa alipoketi. Je, kibali kitachukua muda? Nikagonga muhuri palepale. "Nimefika, nimeona." Safari hii ni kweli tupu.

Ijumaa
Evanthia amepata habari. Anapita nyumba kwa nyumba na mwiko, akiniulizia kwa sauti ambayo feri inaisikia. Kasema atanijenga ukutani, kichwa chini. Mafundi wa mkaguzi wanafika Jumatatu.

Sina hofu. Nimepata maficho ambayo hatayafikiria kamwe. Nimeliokota turubai, safari hii nimepiga misumari sita badala ya minne. Ukinihitaji, pita nyuma ya kanisa, fuata njia ya mbuzi hadi inapoishia, kisha endelea kupanda hadi kileleni, penye alama. Bisha mlango wa buluu, lakini polepole. Usipouona mlango, muulize kasisi nimeangukia wapi.