Madole Ishirini na Mawili

Jumatatu, 4 Machi

Mkamwana, funga daftari hili! Jana umeacha alama ya mafuta kwenye ukurasa. Hata chooni watu hupiga hodi!

Haya. Leo amekuja mtunza nyaraka wa mkoa, binti wa miwani minene na maneno machache. Anatafuta habari za kisima. Nikamwambia umefika penyewe. Kiwanda kilipotaka kukizungushia ua, wanawake ishirini na wawili tulikaa mdomoni pake siku tatu. Kuandika hatukujua, mimi nilijifunza baadaye, tukatia dole gumba kwenye karatasi ya kukataa ua, kila mtu lake. Kisima hakikufungwa! Akasikiliza bila kupepesa. Kisha akauliza karatasi iko wapi. Miaka arobaini, nani akumbuke? Akasema bila karatasi ataandika "inasemekana."

Inasemekana! Na makalio yangu yaliyoungua kwenye saruji ile?

Jumanne, 5 Machi

Wifi naye atarekodiwa Ijumaa. Huyo dada wa marehemu mume wangu, hata kuku akitaga, yeye ndiye aliyemsaidia. Atanifuta. Lazima nimtangulie.

Nimechana karatasi. Nimeichovya kwenye chai, nimeianika, nimeisugua masizi. Imezeeka kuliko mimi! Nikatia madole ishirini na mawili. La kwanza langu, bila shaka. Akili ni nywele, na zangu bado nyingi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefika kwenye nyumba ya nyaraka. Maboksi hadi darini, vumbi hakuna. Yule binti, mimi namwita Miwani, alikuwa anapangusa barua iliyoliwa na mchwa, kwa brashi laini, kama anamfuta mtoto mchanga tongo. Kipande kwa kipande anaunga. Kuna watu hawajawahi kumshika mama yao hivyo. Nilisimama nikasahau nilichofuata.

Nikampa karatasi. Akanusa. Akauliza kama wale wanawake walipenda tangawizi. Akachukua kioo cha kukuzia. Akauliza, kwa heshima zote, kama wote ishirini na wawili walikatwa na kisu mahali pamoja. Lo! Kovu langu la utotoni! Nikasema zamani ajali zilikuwa nyingi.

Hakucheka. Akanirudishia kwa mikono miwili. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikwenda kupumzisha magoti kwenye benchi la ukumbini, kule kule kwenye nyaraka. Kama mlango wa Miwani uko jirani, kosa langu?

Wifi alikuja na mkebe. Ndani, karatasi yenyewe! Nikamsikia anasema aliyetangulia kukaa kisimani ni mimi, mtoto mgongoni, ndipo wao wakaona aibu kubaki majumbani. Nikaita kwa nguvu kwamba ni kweli. Nikaingizwa. Miwani akaweka dole langu kando ya lile la kwanza. Kovu kwa kovu! Jina langu likaandikwa juu kabisa.

Nikamuuliza wifi kwa nini alinificha karatasi miaka yote. Akasema, we wifi, ungeiwashia moto. Kweli tupu, lakini ya kusemwa mbele ya watu?

Wifi ni mwanamke kweli. Nimesema. Sirudii.

Jumamosi, 9 Machi

Sikulala vizuri. Chini ya karatasi mchwa wamekula madole manne. Miwani ameacha nafasi wazi, anasema pengo haliguswi, nalo ni historia. Namheshimu sana yule binti. Lakini wale wanne walikaa! Mmoja alikuwa na mimba ya miezi minane. Nao wawe "inasemekana"?

Nimefikiri, nimeliona kosa langu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, mimi nikatumia kimoja kwa ishirini na mawili!

Mkamwana, najua umesoma mpaka hapa. Bandika birika. Chai nzito, bila tangawizi. Kisha pita kwa wifi umwambie aje na madole yake mawili, na wewe ulete yako mawili. Unawe mafuta kwanza.