Ombi la Kupunguziwa Furaha

Kwa Mkuu wa Utafiti wa Hali Njema ya Akili kwa Watu Wazima,
Kisauni.

Mheshimiwa,

MINTARAFU: HOJAJI ILIYONIPA FURAHA NISIYOIOMBA

Mimi ni Gershom Thoya wa Magogoni, fundi wa kushona viti vya magari, miaka hamsini na sita, na kwa mujibu wa karatasi zenu ndiye mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani. Alama sabini juu ya sabini. Mke wangu Kache naye kapata sabini. Tunashukuru, hata shuleni sikuwahi kufika huko. Hata hivyo, naomba kwa unyenyekevu mtunyang'anye, kwa sababu hizi:

1. Lynnette, msichana wenu mwenye adabu zake, alikuja asubuhi Kache akikuna nazi, akaniuliza mbele yake: "Baba, katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejihisi mtulivu?" Sasa, Mheshimiwa, huku kwetu mgeni akikuuliza habari unasema njema, hata kama paa limeng'oka na mgeni analiona limelala uani. Nikajibu, "Kila wakati." Maswali yalikuwa kumi na manne, nikatoa njema kumi na nne. Alipomgeukia Kache, naye hakutaka kuniaibisha. Mlichopima ni malezi tuliyopewa na wazee wetu, na kwa hilo sabini ni haki.

2. Mliahidi kwamba majina ni siri. Kisha mkatangaza barazani kuwa walioongoza ni "mume na mke, fundi wa viti na muuza mahamri". Siri ilidumu kama dakika moja.

3. Tangu hapo hakuna anayetupa pole. Binti yetu Emmaculate alikwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na simu yake haipatikani tangu mwezi wa tatu. Zamani watu wa kanisani walikuwa wakituulizia. Sasa mzee wa kanisa amemwambia Kache, "Nyinyi Mungu amewajalia amani, dada, tuombeeni sisi." Maombi ya Alhamisi, yaliyokuwa yakifanyika kwetu, yamehamishiwa kwa jirani yetu Boga.

4. Huyo Boga alikosa adabu, akawajibu ukweli: mkewe amerudi kwao, kazi hana, usingizi hapati. Alama ishirini na mbili! Kwa utovu huo mkamzawadia mshauri, anayekuja kila Ijumaa kumsikiliza saa nzima. Siku hizi Boga akioga anapiga mluzi. Mimi, mwenye furaha iliyothibitishwa na wataalamu, namsikia ng'ambo ya ukuta huku nimeuma meno.

5. Kubwa kuliko yote, mmenivurugia nyumba. Siku ya tangazo Kache aliniuliza, "Kumbe wewe huna wasiwasi na mtoto?" Nikamjibu, "Na wewe je, na sabini zako?" Tangu siku hiyo tunapishana mlangoni kama wapangaji. Sijamwambia kwamba nikiwa kazini naipiga namba ya Emmaculate, nasikia haipatikani, nakata, napiga tena, mpaka mteja anikoholee. Nadhani ndivyo wafanyavyo watu watulivu.

Kwa hivyo naomba alama zangu zishushwe hadi thelathini, kama za binadamu wengine, na utafiti huu ukomeshwe kabisa kabla hamjawatia watu zaidi katika furaha kama yetu.

Nisalimieni wote hapo ofisini, na Lynnette zaidi, maana kosa si lake.

Wenu katika furaha isiyopungua,
Gershom Thoya

N.B. Barua hii nilimpa Kache anisahihishie, maana yeye alifika kidato cha nne. Alipofika sababu ya tano akaketi chini. Kumbe naye hupiga simu hiyo akiwa sokoni, na hakuniambia ili nisivunjike moyo. Tulilia mchana kweupe, mahamri yakaungua. Kisha akatoa karatasi moja ya maswali iliyosahauliwa kwetu, tukaulizana wenyewe: yeye kumi na tisa, mimi kumi na saba. Basi lile ombi la kukomesha utafiti liacheni. Tuleteeni karatasi nyingine, na mshauri wa Boga akipata nafasi apitie na huku. Jumatatu tu msije. Tutakuwa tumevuka daraja kwenda mjini kisiwani, kwenye ofisi ya wafanyakazi walioko ng'ambo, kumuulizia mtoto, sote wawili.