Zamu ya Jeppe

Jumatatu, 8 Julai

Tumefika kambi ya mapumziko ya Bakkehøj saa nane mchana. Karavani, nyumba yetu ya kukokotwa na gari, imeinama upande wa kichwa changu. Mvua, jua, upepo, mvua tena. Ndiyo Julai ya Jutland, hapa Denmark.

Tiketi za bustani ya michezo ziko mfukoni. Nimejiwekea lengo: kupanda Tai mara kumi kabla hatujaondoka Ijumaa. Tai ni ile treni kubwa. Inakwezwa polepole mpaka juu ya misonobari, inasita kidogo kama mtu aliyesahau funguo, kisha inaporomoka na kupinduka mara tatu. Sijaipanda tangu mimba ya Alma, na Alma sasa ana miaka mitano. Mdogo wake, Storm, ana miezi kumi na minne. Jumatatu ijayo narudi kliniki ya meno kushika vinywa vya watu. Kwa hiyo ni wiki hii au basi.

Kikwazo ni usawa. Mume wangu Jeppe anafundisha hisabati na anaamini katika nusu kwa nusu. Bustani nayo inaamini hivyohivyo. Wazazi wenye watoto wadogo wanapanga foleni pamoja. Mmoja anapanda, mwenzake anabaki na watoto na kadi ya kijani. Wa kwanza akishuka, wa pili anaonyesha kadi kwenye geti la pembeni na kupita bila foleni. Haki tupu.

Nimepiga hesabu. Alma anavumilia foleni mbili kwa siku, leo moja. Zamu zangu halali zitakuwa saba. Tatu lazima zitoke kwa Jeppe.

Leo nimepanda ya kwanza. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikashuka, nikakumbatia kila mtu, hata kigari cha mtoto. Jeppe akaenda zamu yake, akarudi baada ya robo saa. Nywele zimesimama wima, uso umetulia. Akasema ilikuwa nzuri. Nzuri! Kama mtu aliyekunywa supu. Kumpandisha Jeppe Tai ni kumpigia mbuzi gitaa.

Sioni kosa kumpunguzia.


Jumanne, 9 Julai

Mpango wa ndizi umefaulu.

Storm halali popote isipokuwa kifuani kwa baba yake, tena akishiba. Saa nne asubuhi, tukiwa foleni, nikamlisha ndizi nzima na chupa ya maziwa ya moto. Nikapanda Tai zamu yangu. Niliporudi, Storm alikuwa amelala fofofo kifuani kwa Jeppe, mate yanamtiririkia shingoni. Nikasikitika kwa sauti ya chini. Nikasema maskini, na zamu yako je? Jeppe akanong'ona niende mimi, kadi isipotee bure.

Nikaenda mbio. Langoni kuna mzee mmoja, Kjeld, masharubu meupe, filimbi shingoni, miaka thelathini kazini. Akaitazama kadi, akanitazama mimi. Akauliza kama si mimi niliyeshuka sasa hivi. Nikamweleza habari ya mtoto aliyelala. Akasema kadi ni ya mzazi wa pili, si ya mzazi wa kwanza kwa mara ya pili, lakini leo atanipisha. Leo tu. Simpendi huyu mzee.

Mchana nikapanda tena kwa halali, na Jeppe akapata zamu yake. Akarudi nywele wima vilevile, tena na unyevu. Jasho la hofu, nadhani. Jumla yangu ni nne.

Dhamiri ikanisumbua kidogo. Nikamnunulia Jeppe soseji yenye vitunguu vya kukaanga. Akashukuru mno mpaka nikashindwa kumtazama.

Jirani yetu hapa kambini ni Bodil, mkunga mstaafu mwenye mbwa mzee. Amejitolea kukaa na watoto saa moja, siku yoyote, ili mimi na Jeppe twende pamoja. Nimekataa kwa adabu. Tukienda pamoja hakuna kadi ya kijani. Bila kadi hakuna cha kuiba.


Jumatano, 10 Julai

Siku mbaya.

Mpango wa leo ulimhusu Alma. Jana jioni nilimpa pipi nyeusi za chumvi, nikamfundisha: baba akitaka kwenda zamu yake, lia, sema unataka Vyura na baba. Vyura ni viti vidogo vya kijani vinavyorukaruka kwa watoto. Alma akakariri vizuri. Mtoto ana kipaji.

Asubuhi nikapanda ya tano. Nikarudi. Jeppe akainuka na kadi yake. Alma akalia machozi ya kweli. Jeppe akanikabidhi kadi papo hapo, akamshika mkono binti yake, wakaondoka.

Nikabaki na kadi mkononi.

Na Storm mapajani.

Kwa akili zangu zote sikuwaza jambo hilo. Mtoto wa miezi kumi na minne hapandi Tai. Nikakaa kwenye benchi na zamu mpya kabisa, treni inanguruma juu ya kichwa changu, Storm anavua kiatu na kukitupa, naokota, anavua. Kwa mbali nilimwona Jeppe akiruka juu ya chura, magoti yamefika masikioni, anacheka kuliko nilivyomwona akicheka mwaka mzima. Muda wa kadi ukaisha.

Mchana upepo ukazidi na treni ikasimamishwa. Tukacheza karata ndani ya karavani. Alma alidai pipi nyingine, la sivyo atamwambia baba. Nimempa.


Alhamisi, 11 Julai

Nimeandika na kufuta mara mbili. Naanza tena.

Asubuhi nimepanda ya sita. Niliposhuka, Jeppe alikuwa anakwenda kumbadilisha Storm nepi, na Alma yuko naye. Nikamwambia treni imesimama kwa usafi, asiwe na haraka. Kisha nikavaa koti lake alilokuwa ameliacha kwenye benchi, kadi ikiwa mfukoni, na kofia yake, nikaishusha mpaka kwenye nyusi, nikaenda langoni na kadi.

Kjeld hakuigusa kadi. Aliitazama kofia.

"Mama," akasema, "hiyo kofia ni ya yule bwana mrefu mwenye ndevu nyekundu."

Nikakiri kuwa ni ya mume wangu, nami napanda kwa niaba yake.

"Basi mtakuwa mmefanana. Yeye pia hapandi."

Nikamwuliza ana maana gani. Akanieleza taratibu, bila kunisimanga, na hilo liliniuma zaidi. Jumatatu yule bwana alikuja, akampa kadi, akamsalimu, akatoka kwa mlango mdogo wa waliobadili nia. Jumanne mchana vilevile. Alimtakia Kjeld siku njema mara zote mbili.

Nikavua kofia.

Jambo la kwanza nililowaza, naliandika kwa sababu hapa hakuna anayesoma: kadi mbili zimepotea. Siku tatu najihisi mwizi, kumbe nilikuwa naiba kwenye ghala tupu. La pili lilikuja polepole. Mume wangu alinidanganya akinitazama machoni, na mimi nisitambue. Nilikuwa na kazi nyingi ya kumdanganya yeye.

Nikairudisha kofia benchini kama sijaigusa. Mchana tukapanga foleni, nikapanda ya saba. Nakiri sikuifaidi. Jeppe akachukua kadi kwa zamu yake. Nikahesabu mpaka hamsini, nikasukuma kigari, Alma akanifuata akiuliza tunamwinda nani.

Tulimkuta nyuma ya kibanda cha aiskrimu. Amekaa juu ya kreti la soda, koni mkononi, amefumba macho, jua limempiga usoni. Koni ilipoisha akaenda kwenye bomba la maji, akalowesha vidole, akaanza kuzisimamisha nywele. Alifanya kazi hiyo kwa makini, kama anavyosahihisha mitihani.

Alma akamwuliza kwa nini anazipandisha nywele.

Jeppe akageuka. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Nikampa Alma kazi ya kumtafutia mdogo wake mawe mazuri, nikakaa kwenye kreti. Nikamwuliza kama anaogopa. Akasema ndiyo, tangu utotoni. Hata ngazi ya maktaba inamtosha. Nikamwuliza basi kwa nini hakusema.

"Ulishuka Jumatatu ukakumbatia mpaka kigari," akasema. "Ningekuambiaje, mke wangu? Nilitaka uone tuko pamoja."

Kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba si hofu peke yake. Ile robo saa hakuna mtu aliyekuwa akimwita baba. Alikuwa anakaa tu.

Nilikusudia kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, na maneno ninayo. Lakini mwizi hamkemei mwongo vizuri. Nikamweleza habari ya kofia. Nikamweleza pipi za Alma. Nilipofika kwenye ndizi akanikatiza. Akasema ndizi aliijua palepale. Storm halali mpaka saa sita, nani asiyejua? Alipoona namsindilia ndizi saa nne, alimshukuru Mungu.

Tukacheka mpaka Storm naye akacheka, hajui cha nini.


Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi Bodil alikuja mwenyewe na mbwa wake, hakungoja kuombwa. Akasema: "Nendeni, wanangu. Nimezalisha watoto elfu mbili, hawa wawili hawanishindi." Akaketi mlangoni pa karavani na kitabu cha picha.

Jeppe akasema anataka kupanda Tai pamoja nami, mara moja. Nikamwambia si lazima. Akasema anajua.

Foleni ilikuwa fupi. Alinishika mkono njia nzima na kiganja chake kilikuwa baridi kama samaki. Alikuwa akieleza jinsi treni inavyobanwa kwenye reli, na kwamba kwa hesabu haiwezekani kuanguka. Mtu anayeeleza hivyo hamwelezi mwingine ila nafsi yake. Tulipofika jukwaani viti viwili vya mbele vilikuwa wazi. Vya mbele kabisa, sijawahi kuvipata. Nikamtazama. Akasema yuko sawa, kwa sauti ile ile ninayoisikia kliniki kila siku kutoka kwa watu walioshika mikono ya kiti.

Nikamvuta nyuma.

Kjeld akaona. Hakuuliza. Akatufungulia mlango mdogo wa waliobadili nia, akainamisha kichwa kama bawabu wa hoteli kubwa. Nyuma yetu viti vya mbele vikachukuliwa na vijana wawili waliokuwa wakipiga kelele hata kabla ya kuondoka.

Tukanunua koni mbili. Kreti lilitosha watu wawili, kwa shida. Tulikaa. Nilikuwa nimesahau kwamba bega lake liko hapo. Treni ilipita juu mara nne na kila mara niliinua kichwa. Jeppe aliona, akanibana kiunoni, akasema pole.

Nimebaki na saba. Sijuti. Karibu sijuti.

Tumewekeana ahadi pale kwenye kreti: kuanzia leo hakuna hila, hakuna ujanja, kila mtu anasema anachotaka. Jeppe alitaka iandikwe. Nimeiandika.


Ijumaa hiyo hiyo, ndani ya gari

Tumeaga. Bodil alilia kidogo, mbwa hakujali. Jeppe anaendesha, karavani inafuata nyuma, watoto wamelala. Tutakuwa nyumbani Roskilde saa mbili usiku.

Moyo wangu mweupe. Ahadi ile ni jambo kubwa. Nimemwambia Jeppe hivyo tulipovuka daraja la kuingia kisiwa cha Fyn, akanipigapiga goti. Ndoa inahitaji ukweli. Nilitazama mashamba ya ngano na kuwaza jinsi maisha yatakavyokuwa mepesi sasa, mtu hana cha kuficha.

Kisha pale tuliposimama kujaza petroli nikaona tangazo ukutani. Bustani nyingine, siijui, imefunguliwa majira haya. Picha ya treni ya mbao, kuukuu kwa sura, mpya kwa reli, mteremko wa kwanza mita thelathini. Kutoka hapa ni kilomita ishirini na mbili tu kusini, ingawa si njia yetu. Pana pia bwawa la bata na viti kivulini, mahali pazuri sana kwa mtu anayetaka kukaa tu.

Simu yenye ramani iko mkononi mwangu.

Nimemwambia Jeppe barabara kuu imefungwa mbele, lori limepinduka, inabidi tuzunguke kusini. Amewasha taa ya kukata kona, mume wangu mwema, bila kuuliza hata neno. Foleni huwa fupi baada ya saa kumi.