Bango la Majidi Asali

Habari za msiba wa Majidi Asali zilifika kijiweni Isevya kabla kahawa ya Bi Zuwena haijachemka. Tatizo ni kwamba marehemu alikuwa mzima wa afya, yuko dukani kwake Cheyo, anamtafuta Twalibu.

Twalibu huyu kijiweni wanamwita Mkurugenzi. Aliacha kazi Dar, akarudi Tabora kufungua kampuni yake ya matangazo ili asitumwe tena na mtu. Mteja wa maana anaye mmoja tu, ndiye huyo Majidi. Akiondoka, kampuni imekwisha. Basi asubuhi hiyo Twalibu alijikunyata kwenye benchi, simu kaizima.

"Mkurugenzi, pole na msiba," alianza Adinani, fundi baiskeli, ambaye kwa mdomo wake wamembandika jina la Spika.

"Spika, niache."

"Nikuache vipi? Nimepita njia panda, naona bango: Majidi kakunja mikono, shada la maua pembeni, chini majina ya watoto wote, kingo zote nyeusi. Wallahi nilivua kofia, nikamsomea Fatiha!"

Watu walivunjika mbavu. Xavery, wanayemwita Katekista, alishika kikombe kwa mikono miwili kahawa isimwagike.

"Ila mimi nauliza," alisema, "bango la asali, asali yenyewe iko wapi?"

Twalibu uvumilivu ukamshinda. "Niliweka chupa ya asali, kubwa, inang'aa! Akapiga simu: mbona mimi sionekani? Nikamweka. Mkewe akataka maua. Nikaweka. Mara watoto watanuna, waandike. Mara njano haina heshima, tia nyeusi. Mwisho chupa ikakosa nafasi. Akasema itoe, nani asiyejua nauza asali?"

"Na yale maneno ya bangoni, 'Daima Mioyoni Mwenu'?" aliuliza Katekista.

"Yake."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasema, sawa bosi."

"Eti bosi! Si ulikuja huku kumkimbia bosi?" Spika alijipiga paja. "Dar ulikuwa na bosi mmoja. Hapa unaye Majidi, mke wa Majidi na watoto wa Majidi!"

Hilo lilimchoma Twalibu kweli kweli. Alisimama. "Leo namwambia ukweli wake. Bango nalishusha. Akitaka kuondoka, aende zake!"

"Mwambie basi, yule anakuja," alisema Bi Zuwena, akionyesha kwa kidevu.

Majidi alishuka kwenye bodaboda, kanzu imejaa vumbi.

"Shikamoo, bosi," alisema Twalibu. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Marahaba! Wewe mtoto unajua ulichonifanyia? Toka alfajiri duka limejaa waombolezaji. Watani zangu Wazaramo wamelala mlangoni kama desturi yao msibani, mmoja anaiga ninavyotembea, hawanyanyuki mpaka niwape chao!"

"Bosi, kuhusu lile bango..."

"Subiri! Nikajitokeza. Watu wakaona haya, wamekuja kunililia na mimi nipo. Watoke mikono mitupu? Kila mmoja akanunua asali. Stoo nyeupe!"

Twalibu alishusha pumzi. "Kwa hiyo libaki?"

"Libaki, na utengeneze jingine, la mke wangu. Amenuna, anasema yeye hajaliliwa."

Kijiwe kizima kilimgeukia Twalibu. Hata Bi Zuwena aliacha kumimina.

"Sawa, bosi," alisema Twalibu.

Spika alivua kofia taratibu, akaiweka kifuani, macho kwa Twalibu. "Innalillahi," alisema. "Kumbe msiba upo kweli, ila tulikosea nyumba."