Yah: Gari la Mtihani Kwenda Moja kwa Moja Bila Sababu

Ndugu Mkaguzi Mkuu wa Madereva,

Natumaini u mzima, na maua yako yanaendelea kupata nafuu. Mimi ndiye mwalimu wa udereva mwenye gari jeupe lililoinuliwa, lile ambalo watoto wa mtaani wanaliita Mnara. Naandika kwa heshima zote, ingawa nina hasira, kulalamikia gari la mtihani la ofisi yako, ambalo ni bovu.

Nianze na chanzo. Matuta ya mtaa wetu yalikuwa yakikwaruza tumbo la gari langu la mafunzo. Shemeji yangu, fundi wa springi, akaniwekea springi ndefu, gari likapanda juu, likapendeza. Akasisitiza nilipeleke kwenye mashine ya kulinganisha magurudumu, eti gari likishainuliwa magurudumu hayatazami tena mbele sawasawa. Nikamwambia asinifundishe kazi. Hata mtu akivaa viatu virefu kwa mara ya kwanza huyumba, kisha huzoea. Basi Mnara linavuta kushoto, nasi tumezoea.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanafunzi wangu hufundishwa kukaza usukani kulia ili gari linyooke. Gari lenu ukilifanyia hivyo linakwenda kulia kweli. Ukaidi wa namna hii sijawahi kuuona kwenye chombo cha serikali.

2. Mke wangu, mwanafunzi wangu bora kuliko wote, alifanya mtihani Jumatatu akiwa ametulia kabisa. Alifuata kila nilichomfundisha, akaishia kwenye maua yaliyo chini ya dirisha lako. Msaidizi wako akaandika kwamba hajui kunyoosha gari. Mama huyu amepata kazi ya kuendesha gari la wagonjwa, na nafasi yake inamsubiri hadi mwisho wa mwezi tu. Inaniuma sana. Tangu siku hiyo ananiita Mwalimu, hata mezani, na chai ananitengea bila kunitazama.

3. Wanafunzi wengine wamenikimbia. Amebaki muuza magodoro, naye anauliza kama kuna nchi ambayo magari yote yanavuta kushoto.

4. Matairi yangu yameliwa upande mmoja hadi waya zinachungulia. Ya kwenu hayana hata mkwaruzo. Hapo mwenye macho anaona ni gari lipi linafanya kazi.

Kwa hiyo naomba gari la mtihani livutishwe kushoto. Shemeji yuko tayari. Na kwa kuwa wanafunzi wangu wakifaulu watanunua magari yao, usalama unadai magari yote ya mji yarekebishwe vivyo hivyo. Ikishindikana, barabara zote ziinamishwe kushoto kidogo, kila mtu avutwe, haki itendeke.

Wasalimie wote ofisini: msaidizi wako, mtunza bustani, na yule mlinzi aliyeruka ukuta.

Wako katika kuwanyoosha madereva,
Mwalimu Usukani

Nyongeza: Asubuhi hii, nikiwa bado naitafutia barua hii bahasha, mke wangu alimwita kaka yake, yule shemeji fundi, wakalipeleka Mnara kwenye mashine bila kunishirikisha. Magurudumu yamelinganishwa, usukani umenyooka. Nami nikaingia garini kukuletea barua, mke wangu kando yangu, nikakaza usukani kulia kama ilivyo desturi yangu. Ukichungulia dirishani utaona tulipofikia. Lile waridi lililokuwa limepona liko chini ya gurudumu la mbele, na mimi nimekaa kwenye ukingo wa bustani, naandika juu ya paja. Anayelitoa gari sasa hivi, kinyumenyume, taratibu, bila kugusa ua jingine lolote, ni mke wangu. Nakusihi umtazame vizuri, na uhesabu huo kuwa ndio mtihani wake. Wa kwangu unipangie siku yoyote.