Mtu Mwenye Vifaranga Hasafiri

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke kwetu. Sentensi hii huiandika kila Machi, na kila mara huongeza: mwakani nitakuwa nyumbani. Leo sikuongeza. Dada yangu alipiga simu alfajiri. Njia imefunguliwa, hakuna tena anayemuuliza mtu alikuwa wapi, na mwanawe anakuja na gari Jumamosi kunichukua. Hakuniuliza kama nataka. Aniulize ya nini? Kila harusi nimelilia kwetu. Kila msiba nimelilia kwetu, mpaka wafiwa wakaacha yao wakanibembeleza mimi.

Nikashuka kwa Kinyozi. Duka lake liko chini ya chumba changu. Tulitoka kwetu wiki ileile, na tangu hapo tunashindana nani ana hamu zaidi ya kurudi. Nikampa habari kwa sauti ya tanzia. Akasimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja. Akasema hongera, kama mtu aliyeibiwa kiti.

Nikatembea. Nikafikiri. Mlangoni pa duka la dawa za mifugo, boksi la vifaranga wa siku moja, wa manjano, kelele tupu. Mpango ukanijia! Mtu mwenye vifaranga hasafiri. Awatilie maji, awachunge na paka, aende wapi? Hata dada yangu hawezi kubishana na hilo. Nimenunua kumi na wawili.

Na zaidi: sanduku langu la kurudia kwetu, lililokaa tayari chini ya kitanda miaka yote, nimelitoa nguo nikawaweka humo. Sasa hata sanduku sina. Safi kabisa!

Jumanne, 4 Machi

Pigo. Mama mwenye nyumba alisikia milio, akapanda. Nilijiandaa kufukuzwa. Badala yake akapiga magoti kando ya sanduku, akasema ni wazuri mno, na kwamba Jumamosi nikiondoka nisiwe na wasiwasi hata chembe, atawalea yeye. Mwanamke huyuhuyu amenikataza kupigilia msumari ukutani tangu nihamie!

Kwa hiyo vifaranga wazima hawatoshi. Nahitaji wagonjwa. Hakuna mwenye utu anayemwachia mwenzake wagonjwa akaenda zake.

Nikawatazama mchana kutwa kwa matumaini. Jioni ikawa. Wamerundikana kwenye kona moja, huyu juu ya mgongo wa yule, mabawa yameshuka, chakula hawakigusi. Wanalia kilio kimoja, chembamba, kisichopumzika. Nilitambua papo hapo. Hali hii naijua, nimeiishi. Si homa wala tumbo. Ni hamu ya kwao. Vitabu nimesoma vingi maishani, na kwa hili sikuhitaji hata kimoja.

Tiba nilikuwa nayo. Ninalo rundo la magazeti ya kwetu, ya mwaka nilioondoka, ambayo hayaguswi na mtu. Nimewatandikia ukurasa wa kwanza. Kisha nikawasomea utabiri wa hali ya hewa: mvua nyepesi asubuhi, jua mchana. Wakatulia. Au walichoka.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi alikuja kuwaona. Alicheka hadi akashika ukuta. Akasema vifaranga hawa wametotolewa na mashine mtaa wa pili, hiyo hamu ya kwao wameipatia wapi? Nikamjibu kwamba binti yake naye kazaliwa mtaa wa pili, na bado humtambulisha kwa wageni kuwa ni mtu wa kwetu. Bao moja kwangu!

Akasawazisha upesi. Aligundua nisichokiona: watatu wameziba nyuma. Kinyesi kimegandia manyoya, kigumu kama saruji. Akasema hiyo si hamu ya kwao, hiyo ni kazi ya kinyozi. Akawateremsha dukani. Akamfunga wa kwanza kitambaa cheupe shingoni, akamweka kwenye kiti cha kuzunguka, akawasha mashine. Mteja aliyekuwa na zamu akalalamika. Akaambiwa avumilie, huyu ana dharura.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Kinyozi alipomaliza jinsi anavyommalizia kila mtu: kwa spiriti. Sijawahi kusikia kiumbe kidogo hivyo kikitoa sauti kubwa hivyo. Kiliruka kutoka kitini kikatua kwenye bakuli la vitana. Kinyozi, kwa mazoea, akakiuliza kama kinataka na poda.

Alhamisi, 6 Machi

Janga. Mmoja wao, ninayemwita Balozi kwa jinsi anavyotembea kifua mbele, hawezi kusimama. Mguu mmoja unakwenda mashariki, mwingine magharibi. Anajiinua, anateleza, anaanguka kifudifudi juu ya hotuba ya ufunguzi wa daraja. Nilitaka mgonjwa, nimempata. Nilipomnyanyua moyo wake ulikuwa unanipiga kwenye kidole.

Jumamosi ikanitoka kichwani kabisa. Nikamtia ndani ya koti nikakimbia mvuani, mzee mzima, hadi duka la dawa za mifugo. Daktari wa mifugo ni mwanamke wa makamo asiyependa maneno. Alinisikiliza nikimweleza hamu ya kwao, chanzo chake, dalili zake, na historia yake tangu zamani. Kisha akauliza vifaranga wangu wanapata joto kwa taa ya aina gani. Taa? Akauliza nimetandika nini. Nikasema magazeti. Ya kwetu. Akavua miwani.

"Mzee, hawa hawajui kwao ni wapi. Wanaona baridi tu. Na gazeti linateleza."

Akanipa maagizo kama hukumu. Balbu ining'inizwe juu ya sanduku. Wakibanana chini yake, wanaona baridi. Wakiikimbia na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakala, niwaache. Maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo kwa walionyong'onyea. Nyuma ioshwe kwa pamba na maji ya uvuguvugu, ikaushwe, ipakwe mafuta ya mgando. Na huyo aliyetia spiriti, nimwambie amwogope Mungu. Miguu ya Balozi akaifunga mwenyewe kwa utepe wa bendeji, mfano wa pingu, iwe karibu lakini iweze kusimama. Na magazeti yatoke. Nitandike kitambaa kikavu, kisichoteleza.

Kitambaa kikavu kisichoteleza nilikuwa nacho kimoja: shati la pamba nililoliweka kwa ajili ya siku ya kufika kwetu. Nimelitandika. Magazeti nimeyaanika kwenye kamba, na madoa yake.

Dada akapiga. Nikamwambia habari za Balozi. Akapita juu yake kama hakusikia, akaanza kunieleza nitakayoyakuta: nyumba yetu sasa ni duka la simu, mlimao umekatwa, barabara inapita upande wa pili. Nikamwomba anyamaze, nina mgonjwa ndani. Akaniuliza:

"Unaogopa nini, mdogo wangu?"

Nikasema laini ni mbaya, simsikii. Laini ilikuwa safi kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Wamepona! Msiba huu! Wametawanyika chini ya balbu, wanakula, wanakunywa, nyuma zinang'aa mafuta. Balozi amesimama na pingu zake. Nimefurahi kama mjinga kwa muda, kisha nikakumbuka.

Nikajaribu kuugua mwenyewe. Nikakohoa dirishani, kikohozi kirefu, cha kuaga dunia. Mama mwenye nyumba akaleta chupa ya dawa, akasimama mpaka nikameza. Tamu kwa namna ya kutisha.

Jioni Kinyozi akaja. Hakunitania. Akaniomba nikifika nipite penye kibanda chake cha zamani, nikiangalie tu, halafu nimpigie nimwambie mlango unatazama wapi siku hizi. Machoni alikuwa na machozi ya kweli. Miaka yote hii nilidhani sote wawili tunatia chumvi. Kumbe mwenzangu alikuwa anasema kweli! Nimejiona nimepunjwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mpwa wangu alifika mapema. Mrefu, macho ya marehemu baba. "Shikamoo, Mjomba. Tuko tayari?" Nikamweleza kwa masikitiko: sanduku sina, limejaa wagonjwa. Mama mwenye nyumba, bila kuulizwa na mtu, akatangaza kuwa wote ni wazima na Balozi amefunguliwa pingu, anatembea. Mpwa akasema basi imekuwa heri, mama yake anafuga, tutawabeba humohumo. Akalinyanyua sanduku. Maji yakanifika shingoni!

Nikakaa garini. Sanduku mapajani. Majirani wamejipanga kupunga mikono. Kinyozi alikuwa karibu na mlango, amevaa aproni, kitana mkononi, dukani kamwacha mteja mwenye povu shavuni. Nikasema nimesahau miwani. Nikamwomba Kinyozi aingie kidogo, anishikie sanduku, Balozi asije akateleza.

Nikapanda ngazi. Miwani nilikuwa nimeivaa.

Nikasimama nyuma ya pazia. Mpwa akapiga honi. Akapiga tena. Nikamwona Kinyozi akimwambia neno, na mpwa akiinua macho kwenye dirisha langu, akaliangalia kwa muda mrefu. Kisha Kinyozi akafunga mlango wa gari, kwa upole kabisa, kama wa nyumba ya watu. Wakaondoka.

Mteja akatoka na povu lake. Akatazama barabara, juu, chini, halafu mimi dirishani. Akauliza nani atammalizia. Nikashuka nikammalizia. Spiriti sikutia.

Jumatatu, 10 Machi

Dada amepiga. Wamefika wote, hakuna aliyekufa njiani. Balozi anazunguka uani kifua mbele kana kwamba alizaliwa pale. Kinyozi alikuta kibanda chake hakipo. Alikaa chini mahali kilipokuwa, akalia, akanyamaza, akaomba kiti na kioo. Sasa ananyoa watu. Hakuna anayemkumbuka, lakini foleni ipo. Ametuma salamu kwangu, na amemwagiza binti yake afunge duka.

Nilingoja dada anigombeze. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu kwamba mwanawe ataleta sanduku langu mwisho wa mwezi, na kwamba gari litakuwa na nafasi.

Nikaenda moja kwa moja duka la dawa za mifugo. Daktari aliponiona akaanza kufunga dirisha. Nikawahi. Vifaranga wa bata, sita.

Nimewaweka kwenye beseni la kufulia. Wamerundikana upande mmoja, wanalia, chakula hawakigusi. Daktari alianza kunieleza mambo ya balbu, lakini yeye ni mtu wa vitabu tu, haya hajayaishi. Hali hii naijua. Ni hamu ya kwao. Nimeyaanua magazeti, yamekauka vizuri, nimewatandikia. Nimewasomea: mvua nyepesi asubuhi, jua mchana.

Mtu mwenye bata wagonjwa hasafiri. Na hata wakipona wote, sitarudi kwetu.